Siku Nne Katika Nyumba ya Mawe, Lamu

Ndugu msomaji, huenda unausoma ukurasa huu ukiwa umeketi mlangoni mwa nyumba ya kambi. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo: kibanda cha bati cha mviringo, chumba kimoja tu, ambacho sisi wa Uganda hukiita yunipoti. Mchana kilikuwa tanuri. Usiku kilitutetemesha kwa baridi, na mvua iliponyesha Mama alisema nasi kwa ishara za mikono, kwa kuwa kelele ya bati ilimeza kila sauti. Baba alikuwa sajini wa polisi. Alipofariki, angali kazini, nilikuwa na umri wa miaka 15. Baada ya mazishi tulipewa muda wa kuhama, maana nyumba ya kazi hufuata kazi. Mama alifunga vyombo vyetu katika mashuka mawili. Tangu siku hiyo amekaa kwa mjomba, kisha katika vyumba vya kupanga, na miaka hii ya karibuni amekaa kwangu.

Nayaeleza hayo mapema ili ieleweke kwa nini safari iliyokusudiwa kuwa ya mapumziko ilirudi nyumbani ikiwa imebeba jambo jingine.

Mama hakuwa amewahi kuiona bahari. Nilipopata likizo yangu mwezi wa Juni niliazimia kumpeleka, mke wangu akabaki na watoto kwa sababu ya masomo yao. Mwenzangu mmoja wa ofisini alinishauri tusiishie Mombasa bali tufike Lamu, ambako ziko hoteli ndogo zenye vyumba vitano au sita, zilizofanywa ndani ya nyumba za kale. Akaongeza kwamba Juni ni majira ya kusi, bahari huchafuka, wageni hupungua, na bei hushuka. Hata hivyo sitamficha msomaji: fedha nilizolipa kwa siku nne ni nyingi kwa mtumishi wa Serikali, na nilizidunduliza muda wa mwaka mzima.

Tulivuka mpaka kwa vitambulisho vya taifa tu, kama raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavyoruhusiwa tangu mwaka 2014. Kutoka Nairobi tulishika gari la moshi hadi Mombasa, na kesho yake tukapanda basi alfajiri kuelekea kaskazini. Baada ya Malindi na Garsen basi lilisimamishwa mara kadhaa na askari, na abiria wote tukashuka kukaguliwa. Wasomaji wetu wengi wanaijua kazi hiyo kuliko mimi. Eneo lile lilipata maafa mwaka 2014, palipotokea mashambulizi ya Mpeketoni, na Serikali ya Kenya ikaweka amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu kwa miezi. Hoteli za Lamu zikabaki tupu. Mama alimsalimu kila askari kwa jina la "mwanangu", na mmoja, kijana mrefu mwenye jasho usoni, alimsaidia kupanda ngazi ya basi akiwa ameshika bunduki kwa mkono wa pili.

Barabara hukoma Mokowe. Hapo mtu huingia katika mashua ya injini na kuvuka mlango wa bahari hadi kisiwani. Mama alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili, hakusema neno mpaka tulipofika gatini. Ndipo akasema, "Maji mengi namna hii, na hakuna ya kunywa."

Mji wa Lamu hauna nafasi ya magari. Njia kuu inayopita katikati yake ni nyembamba, na vichochoro vinavyoikata ni vyembamba zaidi, hata punda wawili waliobeba mawe wakikutana mmoja hana budi kungoja. Kuta ni ndefu, hazina madirisha makubwa upande wa njia. Mgeni hudhani anapita kati ya maghala. Hoteli yetu haikuwa na ubao mkubwa wala taa za rangi. Kulikuwa na mlango wa mbao ulionakshiwa, na mbele yake ukumbi mdogo wa kivuli wenye viti vya mawe pande mbili. Hiyo ndiyo daka. Zamani mwenye nyumba alimpokea hapo mwanamume asiye wa jamaa, wakazungumza, wakanywa kahawa, mgeni akaenda zake bila kuona chochote cha ndani.

Kutoka daka unageuka kona. Kona hiyo haikuwekwa kwa bahati: mlango uwapo wazi, apitaye njiani haoni ila ukuta. Kisha unatokea kiwandani, yaani uani, na hapo ndipo nyumba inapofunguka. Mwanga wote huingia kwa juu. Vyumba virefu vimelala sambamba, kimoja nyuma ya kingine, na hakuna ukumbi wa kupitia. Ili ufike cha tatu lazima uvuke cha kwanza na cha pili. Kwanza upo msana wa tini, kisha msana wa yuu, ndivyo wanavyotamka wenyeji badala ya chini na juu, kisha chumba kiitwacho ndani. Kila unaposonga, sakafu huinuka kidogo. Ukuta wa chumba cha ndani umejaa zidaka, vishubaka vidogo vya chokaa vilivyochongwa kwa safu, ambamo viliwekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Nyuma kabisa iko nyumba ya kati. Humo wanawake walijifungua, na humo humo maiti walioshwa.

Niliona vyumba vyote vina upana uleule, kama hatua nne zangu, nikauliza sababu. Kijana mtunzaji wa hoteli akaninyoshea kidole dari. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti huwa na urefu wa kama meta 3 tu. Ukuta nao unazilalia ncha zake, basi chumba hakiwezi kupanuka. Unaweza kukirefusha upendavyo, lakini upana umekwisha kuamuliwa na mti. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unakaribia nusu meta, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma mawe yaleyale ya matumbawe juu ya lundo la magogo. Sisi tuliolelewa ndani ya bati tunaweza kuithamini kazi ya ukuta kama huo. Mchana wa jua kali chumba chetu kilibaki na ubaridi wa kupendeza bila kipoza hewa. Mama aliweka kiganja ukutani akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Hii nyumba iko na baridi mzuri." Nami niliyesomea ualimu nilijizuia kumsahihisha.

Mpishi wa hoteli alikuwa mwanamke wa makamo ya Mama, au amemzidi kidogo. Jikoni kwake ni juu kabisa, chini ya makuti, kama lilivyo jiko la nyumba nyingi za Lamu, ili moshi na joto visishuke vyumbani. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa hakunituma. Siku ya kwanza alitukaribisha kwa Kiamu: "Karibuni, ndia ni hini." Mama akanitazama nimtafsirie. Siku ya pili hawakunihitaji tena. Mama alipanda juu baada ya chai, akakaa kwenye kigoda akisaidia kuchambua mchele, na huko akabaki mpaka adhuhuri. Mimi nilijitembeza mjini, nikirudi nawakuta wangali wanazungumza, huyu Kiamu, huyu Kiswahili cha polisi.

Ni Mama aliyeniletea habari iliyogeuza safari yetu. Katika nyumba za wenye uwezo hapa Lamu, alisema, desturi ya zamani ilikuwa baba kumjengea binti yake nyumba anapokaribia kuolewa, au kumwongezea ghorofa juu ya ile ya wazazi. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ndiyo sababu vichochoro vingine vimefunikwa kwa juu na chumba kilichounganisha nyumba mbili. Chumba hicho huitwa wikio, na wanawake wa jamaa walipita humo kwenda upande wa pili bila kushuka njiani.

"Nilimwuliza," Mama alisema, "kama mume anahamia kwa bibi, na mume akifa je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. Akasema, akifa, mke si yuko kwake?"

Mama alilirudia jibu hilo mara mbili, kisha akaomba chai.

Nisije nikamfanya msomaji adhani nyumba hizi zilikuwa pepo. Mama mwenyewe aliuliza swali la pili: ni nani aliyepandisha maji na mawe mpaka juu? Jibu linajulikana. Waliozijenga nyumba kubwa za karne ya 18 na ya 19 walikuwa matajiri, na utajiri huo na ujenzi huo vilitegemea kazi ya watumwa, ambao makao yao mara nyingi yalikuwa ghorofa ya chini, penye giza. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Basi binti aliyepewa nyumba alikuwa binti wa watu fulani, wala si wa wote.

Siku ya tatu nilikwenda kuitazama Ngome ya Lamu, iliyomalizika kujengwa mnamo mwaka 1821 na kutumiwa kama jela tangu mwaka 1910 hadi 1984. Askari magereza waliosoma hapa watafurahi kusikia kwamba sasa ina maktaba na maonyesho, na watoto huchezea kivuli chake. Kenya iliuweka Mji wa Kale wa Lamu chini ya hifadhi ya sheria mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Lakini sheria haipaki chokaa. Niliporudi hotelini nilimkuta fundi akikwangua ukuta wa chumba kilicho karibu na chetu, na jambo alilonionyesha naliona lina faida kwa kila mwenye nyumba. Kiasi cha meta moja kutoka sakafuni ukuta ulikuwa umefura na kumwaga unga mweupe. Ndani ya tabaka la chokaa kulikuwa na tabaka la saruji. Fundi wa zamani, kabla nyumba haijawa hoteli, aliziba ufa kwa saruji akidhani amefanya imara. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa. Saruji ni ngumu, haipumui. Unyevu ukakwama nyuma yake, chumvi ikajikusanya, na jiwe likaanza kuliwa kwa ndani huku uso ukionekana mzima. Dawa yake ni kuitoa saruji yote, kuuacha ukuta ukauke kwa muda, kisha kupiga chokaa iliyozimwa na kulowekwa majini kwa majuma kadhaa, tabaka jembamba baada ya jembamba. Wenye kuta za matofali laini ya udongo nao wazingatie hayo kabla ya kukimbilia mfuko wa saruji. Na chokaa inapozimwa huchemka na kuunguza. Watoto wawekwe mbali, nawe uyakinge macho.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji, na hapo ndipo hoteli inapokuwa mwokozi na mtihani kwa wakati mmoja. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja na birika moja la kuteka kwa kata, lenye visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, leo inatakiwa kuwa na bafu kwa kila chumba. Kila bafu lina mabomba, na kila bomba siku moja huvuja. Katika hoteli yetu mwenyewe alikuwa na busara: mabafu yamepangwa upande mmoja, moja juu ya jingine, na mabomba yanashuka nje ya ukuta, yanaonekana. Hayapendezi kwa macho, lakini likivuja utaliona siku ileile. Mtunzaji alituomba pia tusifungue maji ovyo, kwa kuwa maji matamu ya mji hutoka visimani, upande wa machuguu ya mchanga ya Shela, na akiba hiyo si ya mtalii peke yake. Nilioga kwa ndoo, kama kambini. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyekaa ghorofa ya juu sikumsikia akifanya hivyo.

Jioni ya mwisho mpishi alituandalia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akakaa nasi baada ya kumaliza kazi. Hapo ndipo tulipoambiwa jambo ambalo Mama alikuwa amekwisha kulijua tangu jana yake. Nyumba ile ilikuwa ya bibi yake, mama wa mama yake. Alizaliwa katika nyumba ya kati, hatua kumi kutoka kitanda nilicholalia. Bibi alipofariki warithi walikuwa 11, wengine Mombasa, wengine Uarabuni. Kila mmoja alikuwa na fungu, na hakuna aliyekuwa na fedha za kutosha kutengeneza dari. Mvua tatu za masika zilipita. Boriti zikaoza, chumba kimoja kikaporomoka usiku. Wakakubaliana kuuza. Mnunuzi aliitengeneza kwa miaka miwili, akatafuta mafundi wa chokaa, akazirudisha zidaka kama zilivyokuwa, kisha akamwomba yeye aje apike.

Mama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Dada yangu, haikuumi kuwapikia watu katika nyumba ya mama yako?"

"Nalikuwa naumwa nilipokuwa nikiiona ikianguka," akajibu. "Sasa naumwa kidogo."

Nililala nikiyatafakari hayo. Nimesikia watu wakizilaumu hoteli hizi kwamba zinawaondoa wenyeji, na katika kichochoro chetu milango minne kati ya tisa ilikuwa imefungwa kwa kufuli, wenyewe wakiwa ng'ambo mpaka msimu wa wageni. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini nyumba ile ilikuwa inakufa mikononi mwa warithi 11 waliopendana. Kama mmoja angeandikwa tangu mwanzo kuwa mwenye kuitunza, na wengine wakaridhia, pengine bibi yule angekuwa anapokea wageni badala ya kuwapikia. Nasema pengine. Fedha za dari zingali zinatakiwa.

Sasa nieleze lililotokea nyumbani, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Kipo kiwanja kidogo nje ya mji wetu. Kilinunuliwa kwa fedha za kiinua mgongo cha marehemu Baba, nilipokuwa chuo cha ualimu, na kwa kuwa mimi ndiye mwana wa kwanza kiliandikwa jina langu. Hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nimekusudia kuanza kujenga mwakani, vyumba vitatu na sebule, kwa ajili ya familia yangu, na chumba kimoja cha Mama. Dada yangu mdogo ameolewa na mwanajeshi, anakaa kambini na watoto watatu, na mumewe yuko mpakani kwa miezi mingi kila mwaka.

Jioni ya pili baada ya kurudi, Mama aliomba aione karatasi ya kiwanja. Hasomi Kiingereza, akaniambia nimwonyeshe jina liko mstari upi. Nikamwonyesha.

"Ni lako," akasema.

"Ni langu, Mama, lakini ni letu sote."

"Hata yunipoti ilikuwa yetu sote, mwanangu. Wewe una mshahara, una mkopo wa Serikali, unaweza kununua kingine. Shemeji yako akipatwa na jambo, mdogo wako atafunga vyombo katika mashuka mangapi?"

Nilibishana. Nilitaja gharama nilizokwisha kulipa, mawe yaliyokwisha kupakuliwa, ramani iliyochorwa. Nilisema pia, na sikujisikia vizuri niliposema, kwamba desturi za Lamu si desturi zetu. Mama alijibu kwamba hazungumzi habari za desturi, anazungumza habari za fedha za mumewe. Mke wangu hakusema neno kwa siku mbili, nami sikumlaumu, kwani alikuwa amekwisha kuchagua mahali pa jiko. Siku ya tatu aliniuliza kama mawe yale tutayaacha palepale au tutayahamisha. Nikajua amekwisha kukata shauri kabla yangu.

Mwezi uliopita tulikwenda sote wanne ofisi ya ardhi ya wilaya kuanza kubadilisha jina. Dada yangu alikuja kutoka kambini na mtoto mgongoni. Karani aliuliza mmiliki aandikwe nani. Mama akasogea mezani, akataja jina lake kwanza, kisha la binti yake, akiyatamka polepole, herufi kwa herufi, na kila baada ya herufi akingoja kuona kalamu ikitembea.